"Na leo uko na ngapi?": kisa cha ajenti wa mikopo wa Bukavu aliyefundishwa kupumua

Mama mmoja anayeuza sombe, majani ya muhogo, katika soko la Kadutu alimwambia ajenti wake wa mikopo: "Mama, mutoto wangu alikufa juzi." Ajenti alikuwa amesimama mbele ya meza, daftari mkononi, simu ameibana kati ya sikio na bega. Akajibu: "Pole. Na leo uko na ngapi?"

Ajenti mwenyewe ndiye aliyenisimulia, wiki mbili baadaye. Hakulia. Alisema alihesabu zile franka, akaandika risiti, akapanda mlima kuelekea kikundi kinachofuata. Alipofika juu, akihema, ndipo alipotambua kwamba hakuuliza hata kama mtoto alikuwa wa kike au wa kiume. "Yaya," akaniambia, maana huku kwetu yaya ni dada mkubwa, "miye sikukuwaka mutu wa vile."

Kisa hiki ni cha mwaka 2023. Mimi ni mshauri wa kisaikolojia, na chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kilikuwa kimeniita kuongoza wiki nane za mazoezi ya utulivu kwa maajenti wake. Jina la chama silitaji, wala la ajenti. Yeye ameyasoma haya, akakubali yatoke, na mambo madogo nimeyabadilisha asitambulike. Neno ambalo alikataa nilibadilishe ni hilo la "uko na ngapi".

Kazi yenyewe

Ni vigumu kuelewa yaliyompata bila kuijua siku yake.

Alikuwa na miaka 34, mume, watoto watatu, na miaka saba kazini. Ajenti wa mikopo haketi ofisini. Anatembelea vikundi vya mshikamano: akina mama kumi na tano au ishirini wanaokopa pamoja na kudhaminiana. Mmoja akikwama, wenzake wanalipa. Kila kikundi hukutana mara moja kwa wiki, na ajenti lazima awepo: anahesabu, anaandika, anasuluhisha ugomvi, anamtuma mtu nyumbani kwa aliyekosa kuja. Kisha anashuka ngazi za udongo, anapanda nyingine, anaanza upya. Anayeijua Kadutu anajua kwamba kutoka kikundi kimoja hadi kingine si mwendo wa mita, ni mwendo wa magoti.

Mwanzoni alikuwa na vikundi 14. Mwezi wa pili mwenzake mmoja aliacha kazi, mwezi wa nne mwingine, na vikundi vyao vikagawiwa waliobaki, "kwa muda". Mwezi wa sita dada huyu alikuwa na vikundi 23. Ule muda haukuwa na mwisho ulioandikwa popote.

Asubuhi saa moja na nusu maajenti wote walikusanyika, na karatasi ya ritadi, yaani malipo yaliyochelewa, ikasomwa kwa sauti, jina la ajenti na asilimia yake. Kipimo kinaitwa PAR: unachukua salio la mikopo yote yenye malipo yaliyochelewa zaidi ya siku 30, unaligawanya kwa salio la mikopo yote ya ajenti. Primu ya mwezi, ile nyongeza juu ya mshahara, ilitegemea namba hiyo. Jioni zilifuata hesabu za fedha, kisha kikundi cha WhatsApp cha ajansi (tawi la chama) ambako meneja aliuliza hadi saa nne za usiku: kikundi fulani mbona kimepungua? Jumamosi pia walifanya kazi. Jumapili simu haikuzimwa, kwa sababu ndiyo siku wateja wanapatikana nyumbani.

Mwezi wa saba ukaja moto. Kila kiangazi Kadutu inaungua mahali fulani: nyumba za mbao zimebanana, maji yako mbali, gari la zimamoto halina njia ya kupita. Safari hii ulichukua mtaa ambamo vikundi vyake viwili vilikuwa na wanachama wengi. Hapo ule udhamini wa kikundi ukaonyesha kasoro yake. Unafanya kazi mtu mmoja akianguka. Wote wakianguka usiku mmoja, hakuna wa kumdhamini mwenzake. PAR ya dada huyu ilipanda mara tatu ndani ya wiki sita, jina lake likasomwa asubuhi kila siku, na primu ikapotea. Hakuwa amekosea kitu. Alikuwa wa kwanza kufika kwenye majivu, na alitoa hela yake mwenyewe akanunua maturubai mawili.

Nasisitiza mwezi huo kwa sababu, nikimsikiliza, naona ndipo kitu kilipokatika. Vikundi 23 alivibeba miezi mitatu akiamini kwamba akijitahidi zaidi, namba zitashuka. Baada ya moto alijitahidi zaidi, namba zikapanda. Mtu anaweza kustahimili kazi nyingi kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Kinachomvunja upesi ni juhudi na matokeo kuachana njia.

Tifoidi tatu na karuho moja

Mwili ulisema mapema, ila ulisikilizwa kwa lugha zisizo zake.

Kati ya mwezi wa tatu na wa nane alitibiwa tifoidi mara tatu. Ndivyo inavyokwenda kwetu: uchovu, kichwa, usingizi mbaya, unaenda kituo cha afya, wanakutoa damu, wanafanya Widal, jibu linarudi na namba, unapewa antibiotiki. Widal ni kipimo cha zamani, kinachotoa jibu la uongo kirahisi mahali ambapo watu wengi wamewahi kukutana na vijidudu vya jamii hiyo au wamechanjwa. Sisemi hakuwahi kuwa na tifoidi. Nasema kila dozi ilipoisha, uchovu ulikuwa pale pale.

Kisha meno. Taya la kushoto lilimuuma hadi akang'olewa jino la nyuma. Maumivu yakabaki mahali pa jino ambalo halipo tena.

Alipoanza kukonda, mama mkwe akasema lile neno ambalo Kivu nzima inaliogopa: "Huyu balimupatia karuho." Karuho ni ile sumu ya polepole ambayo watu wanaamini hutiwa katika kinywaji na mtu wa karibu mwenye wivu. Wakampeleka kwa mganga, akanyweshwa dawa ya kutapika. Alitapika siku nzima, Jumatatu akarudi kazini. Familia ilimshuku jirani, kisha mwenzake wa kazini. Urafiki wa miaka mitano ulikufa hivyo, na hadi leo haujapona. Gharama ya aina hii haiingii kwenye hesabu ya mwajiri yeyote.

Simcheki mama mkwe, hata kidogo. Aliona mtu anamalizika mbele ya macho yake na akatafuta aliyemfanyia hivyo. Kwamba kuna mkono nje ya mwili wa mgonjwa uliokuwa ukimmaliza, hilo aliliona vizuri kuliko waliotoa antibiotiki.

Wataalamu wana jina la hali hii. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyejitolea katika kliniki ya bure New York, aliandika juu ya wahudumu walioanza kazi kwa moyo wote kisha wakabaki kama nyumba iliyoungua ndani, kuta zimesimama. Mimi kwa Kiswahili nasema kuteketea kazini. Christina Maslach, na mwenzake Susan Jackson, walitoa mwaka 1981 dodoso linaloitafuta hali hii kwa alama tatu: kuishiwa nguvu za moyo, kuanza kuwaona watu unaowahudumia kama vitu, na kuhisi kwamba unachofanya hakina thamani. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linaiandika kama jambo la kazini, si ugonjwa: matokeo ya mkazo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Naipenda tafsiri hiyo kwa sababu inamkataza daktari kuifungia hali yote ndani ya mgonjwa.

Rudi sasa sokoni. "Na leo uko na ngapi?" ni alama ya pili ya Maslach, ikiwa imesimama na daftari mkononi. Watoto wa mtaa walikuwa wamempa jina, Mama Deni. Zamani waliitana ili wamsindikize, sasa waliitana ili wakimbie. Na yeye vikundi alivitaja kwa namba, na wanawake kwa kosa lao: "yule wa ritadi wa Tisa". Mtu asiyejua angesema ana roho mbaya. Moyo wenye watu mia nne kasoro wa kuwahangaikia, na saa za wiki zisizoongezeka, hujifunga wenyewe ili usipasuke.

Karanga saa kumi na nusu

Wazo la kuniita lilitoka makao makuu. Mtu alikuwa amesoma kuhusu mazoezi yaliyoanzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani: wiki nane za kujifunza kuiangalia pumzi, mwili na mawazo kama yalivyo sasa hivi, bila kuyahukumu. Nilikuwa nimejifunza njia hiyo, naiamini hadi leo, nikakubali.

Nilikubali pia ratiba: Ijumaa saa kumi na nusu jioni, katika ukumbi wa juu, mahudhurio yanaandikwa. Hapo nilikosea. Ijumaa jioni ni saa ya kufunga hesabu za wiki. Walikuja kupumua na mimi hadi saa kumi na mbili kasorobo, kisha wakashuka kuzimalizia hesabu zilizokuwa zinawasubiri. Semina ya kuondoa uchovu ilirefusha siku yao kwa zaidi ya saa moja, na sikuiona kwa wiki tatu, kwa sababu mimi nikitoka pale nilikwenda nyumbani.

Walikuwa kumi na tisa, kwenye viti vya plastiki. Dirishani unaona ziwa. Chini, jenereta ya duka la simu inanguruma. Zoezi la kwanza la Kabat-Zinn hutumia zabibu kavu. Mimi nilinunua karanga za mia tano mia tano. Kila mtu anachukua moja, anaitazama kama hajawahi kuona karanga, anaibingirisha kidoleni, ananusa, ndipo anaiweka ulimini bila kuitafuna. Nilipokuwa bado nasema "itazameni", dada huyu alikuwa ameshameza na anatazama simu. Wengine wakacheka. Yeye alinitazama kwa hofu, kama mtoto aliyekosea imla. Niliandika kwenye daftari langu: "kiti cha dirishani, amemeza".

Mambo mawili yalijitokeza ambayo anayetaka kufundisha mazoezi haya huku kwetu anapaswa kuyajua.

Kaka mmoja, mwimbaji wa kwaya, aliinua mkono akauliza kama hii si dini ya watu wa Asia, kwa sababu mchungaji wake amesema akili iliyo tupu ni nyumba isiyo na mlango. Lilikuwa swali la haki. Nilimwambia ukweli: mizizi yake ni ya Kibudha, Kabat-Zinn aliitoa hekaluni akaileta hospitalini bila ibada, na hakuna atakayeombwa kuifanya akili iwe tupu. Kuitazama tu. Akasema ataitazama akiwa na zaburi mdomoni. Nikasema sawa, na alikuwa mwanafunzi wangu mzuri kuliko wote.

La pili ni zito zaidi. Wiki ya pili niliwaambia wafumbe macho, tutembee mwilini kutoka vidole vya miguu hadi kichwani. Kijana mmoja alifungua macho ghafla, jasho usoni, akatoka nje. Alikuwa na miaka kumi na mmoja Juni 2004, wakati waasi walipoingia Bukavu, na kila akifumba macho mahali penye kimya, milango huanza kuvunjwa. Mwaka 2017 Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha simulizi za watu waliopata shida wakitafakari, na kurudi kwa kumbukumbu za majanga ni mojawapo. Kwa mji huu, nasema bila kusita: macho yabaki wazi, mlango ubaki wazi, miguu iguse sakafu, na asiyetaka asiulizwe sababu. Tangu siku ile sijamwambia mtu yeyote wa Bukavu afumbe macho.

Wiki ya tatu tulirudia zoezi la mwili, macho wazi, tukitazama ziwa. Tulipofika kwenye taya, nikasema: tazama kama meno yanagusana. Dada wa dirishani akaweka mkono shavuni na kuuacha hapo hadi mwisho. Wengine walipoondoka akabaki.

"Yaya, meno yangu yanashikana siku yote. Na usiku."

Jino lilikuwa limeng'olewa bure. Nikamwonyesha namna ya kuiachia taya, ulimi juu nyuma ya meno ya mbele, na kutoa pumzi polepole kuliko anavyoivuta, kwa sababu pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo. Akafanya mara sita. Uso ukashuka kama mzigo uliofunguliwa kamba. Ijumaa iliyofuata ndipo aliponieleza habari ya mama wa sombe.

Kwa hiyo mazoezi yalimfanyia kitu, na sitaki mtu asome kisa hiki akasema ni upuuzi wa wazungu. Yalimrudishia hisia. Tatizo ni kwamba mtu aliyeteketea akirudishiwa hisia, kitu cha kwanza anachokihisi ni moto.

Daftari la kurasa 48

Wiki ya nne, baada ya kusimulia, aliniuliza swali moja: "Sasa nifanye nini na hii pumzi kesho asubuhi wakisoma jina langu?"

Nilikuwa na jibu la kitabuni. Sikulitoa. Niliona wazi nilichokuwa nikifanya: nilikuwa namfundisha kukaa vizuri zaidi mahali ambapo hakupaswa kukaa hivyo. Pumzi ingempa miezi miwili mingine, labda mitatu, kisha angeanguka akiamini kwamba hata kupumua kumemshinda.

Nilimpa daftari la shule, kurasa 48, nikamwomba kwa wiki mbili aandike tu saa: ya kuanza, ya kumaliza, na kila simu ya kazi nje ya hapo. Bila maoni. Nalo ni zoezi la kutazama bila kuhukumu, ukitaka kuliita hivyo.

Wiki ya kwanza ilitoka saa 63. Ya pili 66. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na mapumziko ya lazima kila wiki. Katika daftari hakukuwa na saa 24 hata mara moja zisizo na simu. Likizo, ile tunayoiita konje, hakuwa ameigusa kwa miaka miwili.

Tulipojumlisha, alikaa kimya, kisha akasema: "Kumbe siko mugonjwa. Niko nimeisha." Jioni hiyo, aliniambia baadaye, alimwonyesha mama mkwe lile daftari. Mama mkwe hajui kusoma. Mjukuu alimsomea saa moja moja, ukurasa kwa ukurasa, na bibi akasema waache kumwongelea jirani.

Maslach na Michael Leiter walionyesha kwamba kuteketea hukua pale ambapo mtu na kazi havipatani katika mambo sita: mzigo, uhuru wa kuamua, malipo na shukrani, ushirika, haki, na maadili. Niliyapitia yote sita na daftari mkononi. La ushirika lilikuwa limechafuliwa na ile shuku ya karuho. Mengine yote yalikuwa yameandikwa katika ratiba na karatasi ya PAR, na hakuna hata moja lililokuwa kwenye mapafu yake.

Niliomba kuonana na meneja. Nilikwenda na hasira, na lazima nimtendee haki: nilimkuta mtu aliyelala na simu kifuani, maana makao makuu nako kuna karatasi inayosomwa, na jina ni lake. "Batu bote banachoka, Mama," akaniambia, na sikusikia ukatili, nilisikia mtu asiyewahi kuambiwa kwamba yeye pia amechoka. Nilimweleza yale Shirika la Afya Duniani lililoshauri mwaka 2022 katika mwongozo wake wa afya ya akili kazini: mazoezi ya utulivu yanaweza kutumika, lakini mwongozo huo huo unataka mpangilio wa kazi wenyewe urekebishwe na viongozi wafundishwe. Hakushtuka.

Kilichomgeuza ni hesabu yake mwenyewe. Nilimwomba atazame vikundi vya wale maajenti wawili walioacha kazi. Aliifungua kompyuta, akatazama kwa muda mrefu. Ritadi mbaya kuliko zote za ajansi zilikuwa humo. Akina mama hukopa kwa mtu wanayemjua, na mtu huyo akiondoka, kulipa kunalegea. Dada huyu akiondoka, vikundi 23 vingelegea siku moja. Ningependa kuandika kwamba alishawishika na mtoto wa mama wa sombe. Alishawishika na PAR.

Kilichobadilika, na ambacho hakikubadilika

Karatasi ya asubuhi iliacha kusomwa kwa majina. Kila ajenti alipewa yake. Hilo halikugharimu franka moja, na wote kumi na tisa wanalitaja kuwa ndilo kubwa.

Kikundi cha WhatsApp kilinyamaza kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja asubuhi. Kimya hicho kilivunjwa mara kadhaa mwezi wa kwanza, na meneja mwenyewe ndiye aliyekivunja, kisha akaomba radhi humo humo. Mikopo ya waliounguliwa ilipangwa upya, na vikundi viwili vikatolewa katika hesabu ya primu yake. Semina ikahamia Jumatatu saa mbili asubuhi, ndani ya saa za kazi. Mahudhurio hayakuandikwa tena, na watu wakaanza kuja kwa hiari.

Yeye alipewa konje ya wiki tatu. Wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili alishindwa kulala, akaniandikia usiku kwamba anajisikia mwizi. Hilo ni la kawaida, na nawaonya wote wanaoipeleka timu yao likizo na kungoja muujiza: mtu aliyeishi miezi kwa mwendo ule akisimama ghafla, mwili bado unakimbia. Hapo ndipo pumzi ilipofanya kazi yake kwelikweli, kwa sababu sasa ilikuwa imepata mahali pa kutua. Alikaa asubuhi kwenye ngazi za nyumba yake, chai mkononi, dakika kumi, macho wazi kwenye ziwa. Wiki ya tatu alikwenda Kadutu.

Alikwenda bila daftari na bila ile jaketi ya kazi. Mama wa sombe alipomwona akaanza kufungua fundo la kitenge anakoweka hela. Dada akamshika mkono, akaketi kwenye gunia pembeni, akauliza mtoto aliitwa nani. Walikaa hapo hadi jua lilipopita upande wa pili wa mlima. Kuna jambo moja alilolisema mama yule ambalo ajenti ameniomba lisiandikwe.

Mwaka 2024 mtafiti William Fleming wa Oxford alichapisha takwimu ambazo nilizisoma baadaye: wafanyakazi 46,336 wa Uingereza, katika mashirika 233. Walioshiriki programu za mtu binafsi, kama mafunzo ya ustahimilivu na programu za utulivu za simuni, hawakuonekana kuwa na hali bora kuliko wenzao wasioshiriki. Utafiti wa namna hiyo unapiga picha ya siku moja na hauwezi kumaliza mjadala. Lakini nilipousoma nilikumbuka karanga iliyomezwa. Mwaka ule, kama mtu angempima dada wa dirishani mwisho wa wiki ya nne, angeandika kwamba mazoezi hayakumsaidia kitu. Na angekuwa sahihi, kwa sababu hadi hapo vikundi vilikuwa bado 23.

Mishahara haikupanda. Ajenti mpya aliahidiwa mwezi wa kumi, akaja mwezi wa kwanza. Na mwezi Februari 2025 vita viliufikia mji, mabenki yakafungwa, na kila nilichoandika hapa kuhusu ratiba na primu kikaonekana kama habari za nchi nyingine. Nakiandika hata hivyo, kwa sababu vikundi vitakusanyika tena, na vitakapokusanyika, mtu atatengeneza karatasi ya ritadi.

Nilimfuatilia mara ya mwisho kabla ya hayo yote, Aprili 2024. Daftari lake lilisema saa 47. Taya linauma siku za kufunga mwezi tu. Bado huamka saa kumi za usiku mara mbili tatu kwa wiki. Anatoa pumzi, wakati mwingine usingizi unarudi, wakati mwingine anaamka kuloweka maharage. Alikuwa na vikundi 15, na majina ya wanachama wote aliweza kunitajia bila kuangalia popote.

Vikundi vinane vilivyotoka kwake vilikwenda kwa yule kijana wa Juni 2004. Alikuwa ameniomba daftari kama la dada yake, naye akaniletea siku hiyo hiyo, limefunikwa kwa gazeti. Wiki yake ya kwanza: saa 58.